Kava ya plastiki juu ya injini: irudi au itupwe?

Tik_Tik: Wakuu, naombeni msaada. Fundi alitoa ile kava ya plastiki ya juu ya injini ili abadilishe koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Alipomaliza hakuirudisha, akaniwekea kwenye buti akisema haina kazi, ni pambo tu na inafuga joto. Wiki ya pili hii naendesha bila kava. Taa ya injini haijawaka na mshale wa joto uko palepale. Ila nikisimama kwenye taa nasikia tik-tik-tik kama cherehani, sauti ambayo sikuwa naisikia zamani. Ni petroli yenye turbo, nozeli zinanyunyiza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Niirudishe au nimsikilize fundi?

SpanaKumi: Fundi wako yuko sahihi. Nimeshika spana miaka 19, kava ile ni wanja wa gari. Kazi yake ni kukuficha usione oili inavuja kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko halisi wa injini, ulio chini yake), mpaka ijae kwenye visima vya plagi, yale mashimo plagi zinamokaa, gari ianze kumisi, yaani silinda iruke kuwaka. Injini iliyo wazi unaikagua kwa jicho tu. Wanaong'ang'ania kava ni wale wanaofungua boneti ili wapige picha.

BintiWaDizeli: Mimi nafungua boneti kila Jumamosi na sijawahi kupiga picha hata moja. Napima oili, naangalia maji, napapasa mipira ya hewa kama imepasuka. Na kava yangu ipo. Kuitoa ni kuivuta juu kwa mikono miwili, sekunde tano, haihitaji hata spana. Fundi anayeshindwa kuvuta kava ili aone kama oili inavuja asisingizie plastiki.

SpanaKumi: Dada, sijasema nashindwa. Nimesema wenye magari hawaivuti. Soma kwanza.

BintiWaDizeli: Nimesoma. Umesema wanapiga picha.

Geji90: Turudi kwenye joto, maana hilo neno linasemwa kila gereji na halipimwi. Mshale wa kwenye dashibodi unaonyesha joto la maji ya kupozea. Maji yale yanasimamiwa na thamostati, nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 95, kisha rejeta na feni. Kava haimo kabisa kwenye mnyororo huo, na ndiyo maana ya Tik_Tik imetoka na mshale haujasogea. Unachosikia ni nozeli na pampu ya presha kubwa. Mfumo wa aina hiyo unasukuma petroli kwa presha ya bar 200 na zaidi, lazima ugonge. Ile sponji nyeusi iliyogandishwa chini ya kava iliwekwa kumeza mlio huo. Hujaharibu kitu, umeondoa blanketi tu.

Boneti_Wazi: Joto la maji sawa, na moto je? Volkswagen Atlas za 2024 na 2025 ziliitwa na kiwanda zirudi zirekebishwe, kama magari 177,000 kule Marekani, sababu ni kava hii hii. Inagusa sehemu za turbo zenye joto kali, inayeyuka. Na dawa waliyotoa ilikuwa kuing'oa! Kiwanda chenyewe kinaing'oa halafu nyie mnaitetea.

Geji90: Inagusa turbo IKILEGEA. Neno hilo umeliruka makusudi. Kava iliyokaa sawasawa kwenye vishikizo vyake haifiki kwenye turbo.

Boneti_Wazi: Sijaruka kitu makusudi, tafadhali. Na hiyo italegea kwa sababu gani kama si kwa kuvutwa kila Jumamosi?

BintiWaDizeli: Naona nimetajwa bila jina. Jumamosi yangu iacheni.

Mtaratibu: Kabla hamjamwambia mtu atupe, muulizeni kwanza injini gani. Zipo ambazo hiyo "kava" ndiyo nyumba ya eya klina, chujio la hewa inayoingia kwenye injini. Golf GTI ya kizazi cha tano iko hivyo, na zile Toyota ndogo zenye injini ya silinda tatu iitwayo 1KR, eya klina imelala juu ya injini, ukitazama haraka unadhani ni pambo. Ukiitupa ile, injini inavuta vumbi moja kwa moja.

SpanaKumi: Hapo nakubali. Lakini hakuna fundi atakayeitupa hiyo.

KoiliMpya: Mimi niko upande wa kutupa, na sababu yangu ni panya. Gari lilikaa wiki tatu bila kuwashwa. Nikawasha, linatetemeka, taa ya injini inapepesa. Kuinua kava, sponji imechimbwa shimo la duara saizi ya ngumi. Ndani yake kuna nyuzi za tambara, vipande vya karatasi na manyoya, na waya wa koili ya pili umetafunwa mpaka shaba inang'aa. Pana joto, pakavu, giza, nani asingehamia? Nimeitoa moja kwa moja. Siku hizi kila nikiosha gari napitisha maji ya presha juu ya injini, inabaki safi, hata panya hapati pa kujificha.

SpanaKumi: Subiri. Maji ya presha juu ya koili?

KoiliMpya: Ndiyo, mwaka mzima sasa. Mbona mvua inanyesha?

SpanaKumi: Mvua haipigi kwa bar 100 kutoka umbali wa shubiri! Boneti inazuia mvua, mashine yako haizuiwi na kitu. Maji yakipenya kwenye raba ya koili yanashuka kwenye kisima cha plagi na kutulia humo, hayana pa kutokea. Plagi inashika kutu, umeme unapotea njiani, silinda inamisi. Nimefungua visima vya namna hiyo mara nyingi, unachovya tambara linatoka na maji ya rangi ya chai. Na soketi za sensa? Na alteneta?

KoiliMpya: Yangu haijamisi hata siku moja. Si kila gari ni la wateja wako.

BintiWaDizeli: Kwa hiyo SpanaKumi, kama kuna kitu kimekaa juu ya koili kinazuia maji yasizipige, hicho kitu kina kazi au hakina?

SpanaKumi: Mwavuli wa kitu usichotakiwa kukifanya hauitwi kazi. Futa injini kwa tambara na brashi. Kava haijawahi kutengenezwa izuie mashine ya presha, maji yanapita pembeni.

BintiWaDizeli: Nimeuliza swali la ndiyo au hapana.

Mtaratibu: Mimi naosha injini, ila kwa mpira wa kawaida, presha ndogo, nimefunga mfuko wa nailoni kwenye alteneta, na...

Geji90: Jamani, mwenye swali bado yupo?

Tik_Tik: Nipo. Nimetoka kujaribu kuirudisha. Inashikwa na raba nne zinazokaa juu ya vichwa vya mviringo. Za mbele ni nzima. Za nyuma, upande wa turbo, moja imekauka ikapasuka, nyingine haipo kabisa. Sijui ilipotea kwa fundi au kabla. Nikiibonyeza inakaa mbele tu, nyuma inacheza kama kidole kimoja hivi.

Boneti_Wazi: Nilisema mimi.

Geji90: Hapo Boneti_Wazi ana hoja, na sikuifikiria nilipojibu. Iache kwenye buti mpaka upate raba mbili, uzivalishe, halafu uitikise kwa mkono. Isipocheza, irudi.

SpanaKumi: Raba nne, asiweke mbili. Zimezeeka pamoja hizo. Na wewe KoiliMpya hujanijibu: ukipiga hayo maji, injini inakuwa imepoa au ya moto?