Msambazaji yuko nchi nyingine, mteja anataka kurudisha bidhaa: nani anabeba gharama?

Kapu la Oda ameuliza:

Wakuu, naombeni msaada. Duka langu la mtandaoni ni la dropshipingi: nguo za kike na taa ndogo za kuchaji. Sishiki mzigo, unatoka kwa msambazaji wa nje hadi kwa mteja, siku 12 hadi 20 njiani. Sasa maombi ya kurudisha yameanza kuja. Mmoja gauni limembana, mwingine taa haiwaki, wa tatu kabadili tu mawazo. Msambazaji anasema virudishwe ghalani kwake kwa gharama ya mteja. Niwape wateja anwani yake? Na pesa nirudishe kabla mzigo haujafika au baada?

Mizani:

Anwani usiitoe mpaka msambazaji akupe namba ya marejesho ya oda hiyo. Kifurushi kikifika ghalani bila namba hakuna anayejua ni cha duka gani, na fidia yako inapotelea hapo. Mweleze mteja pia asitumie anwani iliyobandikwa kwenye mfuko. Mara nyingi hiyo ni ya wakala wa usafirishaji, si ya msambazaji.

Kuna na forodha. Mzigo unaorudi nchi ulikotoka unaweza kutozwa ushuru kama bidhaa mpya. Kwenye fomu ya posta, CN22 au CN23, kuna kisanduku cha bidhaa zinazorudishwa. Mteja akiweka alama ya "mauzo" au "zawadi" ghala linaweza kukataa kupokea.

Lakini kabla ya hayo yote piga hesabu kama mzigo una haja ya kusafiri. Tuseme gauni umeuza dola 30, msambazaji alichukua 9, na nauli ya kulirudisha ni 14. Hata msambazaji akikulipa zile 9 zote, ukigharamia nauli wewe umetupa 5 zaidi kuliko ungemwachia mteja gauni. Kanuni ninayoishikilia: nauli ikizidi kiasi utakachopata kwa bidhaa iliyorudi, bidhaa ibaki kwa mteja.

Kwa hao watatu:

Taa haiwaki: kosa si la mteja, asilipe hata senti. Omba picha ya lebo ya kifurushi, picha ya taa, na video fupi akiiwasha baada ya kuichaji. Siku hiyohiyo mfungulie msambazaji madai kwa ushahidi huo, na mpe mteja achague taa nyingine au pesa yake yote. Na kama betri imevimba au imeharibika, usimwambie airudishe kabisa. Betri za lithiamu zenye hitilafu haziruhusiwi kusafirishwa kwa ndege. Aipeleke panapokusanywa taka za betri.

Gauni limebana: angalia kwanza jedwali lako la vipimo. Kama umeandika M na L bila sentimita, kosa ni la duka. Mpe punguzo kwenye saizi kubwa zaidi, au rudisha sehemu ya pesa abaki nalo. Kisha rekebisha jedwali: upana wa kifua, kiuno na urefu, vazi likiwa limelazwa mezani. Marejesho mengi ya nguo yanazaliwa kwenye jedwali bovu, na hakuna sera itakayoyaponya.

Aliyebadili mawazo, jibu linategemea yuko nchi gani. Namwachia mwenzangu hapa chini.

Stoo Njema:

Kwa mteja aliye Umoja wa Ulaya, ana siku 14 tangu apokee mzigo kujitoa kwenye ununuzi bila kutoa sababu. Unamrudishia bei pamoja na nauli ya kawaida ya kumpelekea, ndani ya siku 14 tangu akujulishe, ila unaruhusiwa kuzuia pesa mpaka bidhaa ifike au akuoneshe uthibitisho kwamba ameituma. Nauli ya kurudisha analipa yeye, lakini kwa sharti kwamba ulimweleza hilo kabla hajanunua. Usipomweleza ni yako. Na usipomjulisha haki yenyewe, muda unaongezeka kwa miezi 12. Bidhaa zilizotengenezwa kwa vipimo vya mteja haziingii humo. Kwa hiyo maneno "gharama ya mteja" ya msambazaji wako hayamfungi mteja, yanakufunga wewe.

Kuwa macho pia na muda wa madai kwa msambazaji. Ukimwahidi mteja siku 30 huku msambazaji anapokea madai kwa siku 15 tu, hizo 15 za mwisho ni hasara yako. Mkubaliane kwa maandishi kabla ya kuweka bidhaa dukani: siku ngapi, zinahesabiwa tangu kutuma au tangu mteja kupokea, na ushahidi gani anaukubali.

Kapu la Oda:

Asanteni sana. Mteja wa taa ameomba nimtumie pesa kwa simu badala ya kadi aliyolipia, anasema ni haraka zaidi. Kuna ubaya?

Mizani:

Ubaya mkubwa. Rudisha kwa njia ileile aliyolipia, siku zote. Ukimlipa pembeni, benki yake haioni chochote. Akipinga malipo ya kadi baadaye, yaani akiiomba benki imrudishie pesa, unaweza kukatwa mara ya pili. Muda wa kupinga ni mrefu: Visa kwa kawaida ni hadi siku 120, PayPal siku 180.

Kama ameshafungua pingamizi benki, usibonyeze kitufe cha kurudisha pesa kwenye duka. Hapo pia utalipa mara mbili. Ama likubali pingamizi, ama lijibu kwa namba ya ufuatiliaji, picha na mazungumzo yenu.

Na ingiza ada ya malipo kwenye bei. Stripe na PayPal, kampuni zinazokupokelea malipo mtandaoni, hawakurudishii ile ada ya mwanzo hata ukirudisha pesa yote kwa mteja.

Stoo Njema:

Nyongeza kuhusu kumwachia mteja bidhaa: usiitangaze kwenye ukurasa wa sera. Andika tu "wasiliana nasi kabla ya kutuma chochote", kisha amua oda kwa oda. Weka jedwali lenye namba ya oda, bidhaa, sababu, anwani na ulicholipa. Anwani ikijirudia kwa dai la "imefika imevunjika", oda hiyo irudishwe mzigo kwanza, pesa baadaye. Na bidhaa ikirudi kwa sababu ileile mara tano ndani ya oda 50, itoe dukani mpaka msambazaji aeleze amebadilisha nini.