Tupeane uzoefu: kuzunguka mji kwa mguu huku unakula, bila mwongozaji

MamaWawili
Wakuu, habari za Jumapili. Mpwa wangu katoka Dar juzi, kanionyesha kwenye simu watu wanaotaka dola wamtembeze Moshi mjini "kuonja vyakula vya asili". Nikamwambia vaa raba.

Saa moja asubuhi tuko Mbuyuni na bakuli la mtori. Mama wa pale mvuke umemfunika uso, anaponda ndizi kwa mwiko, kisha anachomoa mfupa na kuugonga ukingoni mwa bakuli lako mpaka uloto udondoke. Tukatoka hapo kwenye mihogo ya karai, ile ya kupasuliwa katikati na kupakwa chumvi ya pilipili. Tukapandisha Double Road hadi mnara wa saa, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Mpwa anapiga picha, mimi najisikia mwenye mji.

Kupapasa kwapani, pochi hakuna. Nilirudi Mbuyuni mbio, kanga mkononi, mtori na miwa vinagombana tumboni. Nikamkuta yule mama kaikalia pochi yangu kwenye kigoda. Hata hakushtuka: "Nilijua utarudi. Hujalipa."

Nani mwingine ashajipangia mzunguko wake yakamkuta?

Kijana_wa_Pasua
Hujalipa! Nimecheka mpaka abiria wa nyuma kaniuliza kulikoni.

Mtu_wa_Njiro
Sasa Moshi kuna mzunguko gani? Mtu akimaliza ndizi anakutana na ndizi. Njooni Arusha, muanzie Kilombero na makande, mle loshoro, mmalizie na nyama choma.

Mangi_Mstaafu
Kijana, loshoro ni mahindi na maziwa mgando, basi, hadithi imeisha. Ndizi ni chuo kikuu. Ukiiponda ni mtori, ukiipika na nyama ni machalari, ukiichanganya na maharage ni kiburu. Ikiiva unaichemsha, unaikutanisha na ulezi, unapata mbege. Nitajie hindi lenye vyeti hivyo.

Mtu_wa_Njiro
Shikamoo mzee. Lakini mbege si chakula.

Mangi_Mstaafu
Marahaba. Hujainywa ya kwetu.

Bint_Majengo
Tusitoke kwenye mada jamani. Mimi yangu ni kisusio. Nilipelekwa na mashemeji, hakuna aliyeniambia ni supu ya mbuzi na damu yake. Nilikunywa kikombe kizima nikasifia, wakaniongeza. Ndipo nikauliza kinapikwaje.

Sufuria_Tupu
Ukisifia tu unaongezwa. Yamenikuta.

Mwanafunzi_Mstaafu
Hiyo mbio ya MamaWawili imenikumbusha kitu nilichokuwa sijamwambia mtu hata nyumbani.

Nilisoma Xi'an, China. Mji wa kale kabisa, katikati yake umezungushiwa ukuta wa enzi za Ming: kwenda juu mita 12, ukizunguka wote ni karibu kilometa 14, na juu yake ni kama barabara, watu wanakodi baiskeli. Ndani ya ukuta, karibu na Mnara wa Ngoma, kuna mtaa wa Waislamu, Wahui. Mimi mtoto wa msikitini, wiki nzima nimekula mayai na ndizi kwa kuogopa nguruwe. Kufika pale na kuona mishikaki ya kondoo inafuka moshi, nilihisi Idi. Nikaamua leo nala mtaa mzima, peke yangu, Kichina sina.

Kibanda cha kwanza nikaonyesha kidole kwa anachokula jirani, yangrou paomo. Nikaletewa bakuli tupu na mikate miwili migumu. Nikasubiri supu. Haiji. Nikatafuna mkate mmoja mkavu, nikaanza wa pili. Mzee wa meza ya pili akanipokonya taratibu, akaanza kuumega vipande vidogo kama punje za maharage, akanionyesha nami nimege. Kumbe unamega mwenyewe, bakuli linarudi jikoni, wanavichemsha vile vipande kwenye supu ya kondoo. Tulimega karibu nusu saa bila neno, kama tunachambua mchele wa shughuli. Supu ilipokuja, mafuta yanaelea juu. Nikamaliza. Nikapita kwenye roujiamo, mkate uliojazwa nyama. Halafu vile vikeki vya tunda la shizi vinavyokaangwa, vinne.

Kisha, kwa akili zangu timamu, nikapanda ukutani lango la kusini nikakodi baiskeli.

Tumbo liliniita nikiwa mbali na lango lolote. Pale hushuki popote unapotaka. Matofali ya juu yamepinda kwa uzee, kila mtikisiko ni mtihani, nikawa naendesha nimesimama juu ya pedeli. Naona mnara mbele, nasema Alhamdulillah, lango! Kumbe ni mnara wa walinzi tu, na mwingine, na mwingine. Nilisoma dua zote za madrasa, mpaka ya kuingia sokoni.

Choo nilikipata. Baiskeli niliitupa mlangoni, kutoka haipo. Dhamana yangu ilibaki China.

Kijana_wa_Pasua
Dua ya kuingia sokoni!!!

Bint_Majengo
Kaka, huyo mzee wa mkate ulimuaga lakini?

Mwanafunzi_Mstaafu
Nilimpa mkono. Wake ulikuwa na unga, wangu mafuta.

Mtu_wa_Njiro
Nani aliichukua baiskeli? Hukutafuta kamera?

Sufuria_Tupu
Na kwanini vinne? Kimoja hakitoshi?

Mangi_Mstaafu
Mada ilikuwa Moshi. Sasa tuko China chooni.

Dada_wa_Soko
Mie nauza matunda, nasema hivi: ukitaka kuzunguka unakula, mafuta yaje mwisho, miwa usiinywe kabisa juu ya mtori. Na jua choo cha kulipia kiko wapi kabla hujaagiza.

Sufuria_Tupu
Miwa ndiyo inasafisha. Nakunywa mbili.

Dada_wa_Soko
Endelea.

Bint_Majengo
Uwe na mia tano mkononi, usisubiri chenji mlangoni pa choo. Nimemaliza.

Mtu_wa_Njiro
Haya, nakuja Jumamosi na mke wangu. Huyo mama wa mtori anafunga saa ngapi?

MamaWawili
Shemeji, saa nne mtori umekwisha. Na mlipe kabla hamjakaa, nilishamwambia watu wa Arusha wanakuja.