Rili inakwaruza, mshipi wa kusuka unateleza

Wakuu, rili yangu ya baharini (kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki) inakwaruza nikizungusha mkono wake. Mshipi mpya wa kusuka nao unazunguka wote kwenye spuli (kigurudumu unapokunjwa mshipi) samaki akivuta, ingawa breki inayozuia spuli nimekaza. Tatizo nini?

— Mkuu, breki haina kosa. Mshipi wa kusuka haunyumbuki, kwa hiyo haushiki chuma kitupu cha spuli. Tanguliza mizunguko kumi hivi ya nailoni, unganisha na wa kusuka, kisha jaza spuli ukiubana mshipi kwa kitambaa kibichi. Ukilegea, tabaka za juu huzama kwenye za chini. Usijaze pomoni: bakisha milimita 2 kufikia ukingo wa spuli.

— Kukwaruza mara nyingi ni chumvi kwenye beringi. Ukitoka baharini kaza breki, suuza taratibu kwa maji yasiyo na chumvi (presha huisukuma chumvi ndani!), halafu legeza ikauke. Grisi kwenye gia, tone la oili kwenye beringi. Ikiendelea kukwaruza, badilisha beringi.

— Kwenye miamba chukua mshipi uliosukwa kwa nyuzi 4; wa 8 ni laini ila hukatika upesi ukisuguliwa.