Tupeane uzoefu: mvua, mafuriko na kuendesha gari majira ya baridi huku Washington ya magharibi

Mwanzisha mada, Kent

Ndugu wanajamvi, habari za siku. Mada hii ni ya sisi tunaoishi Kent, Tukwila, Renton, Auburn, Tacoma na Seattle, yaani upande wa magharibi wa milima ya Cascade, ambako kuanzia Oktoba hadi Machi mvua ndiyo mwenyeji na jua ni mgeni. Kila mwaka tunapokea ndugu wapya kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Goma na kwenye kambi za Nyarugusu na Kakuma. Wengi huwa wameshaonywa kuhusu theluji, nao hufika na makoti mazito, lakini hakuna aliyewaambia kwamba bondeni kwetu theluji hukaa siku chache tu, na kwamba kinachoharibu magari, nyumba na zamu za kazi ni maji.

Kwa faida ya wageni nieleze kidogo. Mafuriko makubwa ya huku hayaletwi na manyunyu yale ya kila siku. Huletwa na mkanda mrefu wa mvuke unaotoka upande wa Hawaii na kuja kumwaga mvua ya vuguvugu juu ya milima ambayo tayari ina theluji. Mvua ile huyeyusha theluji, na maji ya aina zote mbili yakateremka kwa wakati mmoja katika mito ya Skagit, Snohomish, Snoqualmie, Cedar, Green na White. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2025, mto Skagit ulipovunja rekodi yake pale Mount Vernon, gavana akatangaza hali ya dharura kwa jimbo zima, na barabara kuu namba 2 ikafungwa mlimani.

Naomba kila mmoja aeleze alichokipitia yeye mwenyewe. Ushauri wa jumla tunaweza kuupata kwenye vipeperushi.

Dereva wa malori, Tacoma

Shukrani kwa kuanzisha mada. Mimi huvuka Snoqualmie Pass kwa barabara ya I-90, na kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kupeleka mizigo Yakima na Spokane, upande wa mashariki wa milima. Kilele cha pale kina urefu wa mita 921 tu, na mtu aliyezoea kupanda Kitonga au Mai Mahiu anaweza kukidharau. Tatizo ni kwamba hapa North Bend, chini ya mlima, unaweza kuwa na mvua ya kawaida kabisa na lami iliyolowa, na nusu saa baadaye ukakuta mvua ileile imekuwa theluji nzito yenye maji ndani yake, ambayo ikikanyagwa na magari hugeuka kuwa barafu. Theluji kavu ya Spokane mimi siiogopi hata kidogo ukiilinganisha na hii ya kwetu iliyoloa.

Kwa sheria ya jimbo hili, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 1 Aprili gari lolote linalozidi uzito wa paundi 10,000 ni lazima libebe cheni kwenye njia za mlimani, hata kama siku hiyo jua linawaka. Ukikutwa hukufunga cheni wakati kibao kimeamuru zifungwe, faini inaweza kufikia dola 500. Lakini fedha si kitu. Kinachotesa ni kufunga cheni usiku, kando ya barabara, huku malori mengine yakikupita na kukumwagia tope la barafu. Usiku mmoja wa Januari nilimkuta kijana wa kutoka nyumbani akihangaika na ndoano ya ndani ya tairi, ile ambayo huioni na ni lazima uitafute kwa vidole, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa sababu alikuwa amevaa glovu za sufu zilizoloa chapachapa. Nilimpa glovu za mpira, zile ndefu za wauza samaki, pamoja na kipande cha zulia la kupigia magoti, tukafunga pamoja. Tulisogea mita chache, tukasimama tena kuzikaza, kwa maana cheni ambayo haikukazwa mara ya pili hulegea na kuanza kupigapiga bodi mpaka ikatike.

Wenye magari madogo nawasihi wajaribu kufunga cheni kwanza nyumbani, mchana, pakiwa pakavu. Mkishazifunga msizidi kilomita 50 kwa saa.

Mlezi wa wazee, Renton

Shikamooni wakubwa. Mimi nitazungumzia mvua inayoganda, ambayo ni tofauti kabisa na theluji na kwa maoni yangu inatisha zaidi, kwa sababu haionekani. Wengi mnaikumbuka tarehe 23 Desemba 2022. Mvua ilikuwa ikinyesha kama mvua nyingine yoyote, ila ardhi ilikuwa baridi kiasi kwamba kila tone lilipogusa lami, ngazi au kioo liliganda papo hapo. Mabasi ya kaunti yalisimamisha huduma, na uwanja wa ndege wa Sea-Tac ukafunga njia zake kwa muda.

Nilikuwa namaliza zamu ya usiku kwa bibi mmoja asiyeweza kuinuka kitandani mwenyewe. Nilipofungua mlango asubuhi niliona barabara inang'aa, nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi huku nimeshika nguzo, nikaurudisha ndani. Gari langu lilikuwa limefunikwa na barafu ya unene wa kidole, na milango ilikuwa imeshikana na fremu. Nilimpigia simu msimamizi nikamweleza kwamba mwenzangu hataweza kufika na mimi sitaondoka, na kwa kuwa huwa nabeba dawa zangu za presha na chakula cha ziada tangu Novemba inapoanza, nilikaa na bibi hadi kesho yake bila tabu. Jirani wa ng'ambo alimwaga maji ya moto kwenye kioo cha gari lake ili awahi kazini, na kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona.

Kwa hiyo kwa wenzangu tunaofanya kazi hizi: mkubaliane na ofisi mapema kwamba nani atabaki iwapo njia haipitiki, na malipo ya saa za ziada yatakuwaje. Ukingoja mpaka siku yenyewe, wanaopokea simu nao huwa wamekwama makwao. Na ukilazimika kutembea, kanyaga majani, usikanyage saruji.

Mpangaji wa ghorofa ya chini, bonde la Kent

Nimesoma yote, asanteni. Mimi nakaa karibu na mto Green, na ningependa watu waelewe bonde hili ni la namna gani. Kabla ya bwawa la Howard Hanson kuanza kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, maji yalikuwa yakilijaa kila mara, na ndiyo maana palikuwa mashamba. Maghala haya tunamobebea maboksi yalikuja baada ya bwawa. Mto White nao ulikuwa ukipita huku hadi mafuriko ya mwaka 1906 yalipougeuza uelekee Puyallup. Kwa maneno mengine, tumepanga nyumba ndani ya njia ya maji, na kinachotukinga ni bwawa pamoja na matuta yaliyoinuliwa kando ya mto.

Bwawa hufanya kazi yake kwa kuzuia maji na kuyaachilia polepole, nalo ni jambo jema, ila matokeo yake ni kwamba mto hubaki umejaa kwa muda mrefu na matuta huendelea kulowana. Desemba 2025, tuta la Desimone pale Tukwila lilipopasuka tarehe 15, mto ulikuwa umejaa kwa siku kadhaa, na baadhi ya majirani walikuwa wameshaanza kurudisha makochi chini wakiamini kwamba hatari imepita.

Mimi dalili ya kwanza niliiona kwenye maegesho. Maji hayakuja kutoka upande wa mto. Yalikuwa yakipanda kupitia wavu wa mtaro, taratibu, yakiwa meusi na yenye majani, kwa sababu mfereji ulikuwa hauna pa kumwaga. Hapo nililipandisha gari East Hill nikaliacha kwa rafiki, nikarudi kwa kupakiwa, tukabeba hati. Kwa sisi wenye faili za uhamiaji, hati ni muhimu kuliko televisheni: vyeti vya kuzaliwa, fomu za kuingilia nchini, kadi, pasipoti, zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki.

Jambo lililonisumbua usiku ule ni familia moja iliyotoka Kivu ambayo simu zao zililia kwa ujumbe wa Kiingereza nao wakauzima. Hapa kuna ngazi tatu za tahadhari: ya kwanza ni kuwa tayari, ya pili ni kukaa mguu sawa, na ya tatu ni kuondoka mara moja. Niliwagongea nikawaambia neno moja tu, "Tutoke." Naomba kila mtu mwenye jirani asiyejua Kiingereza amweleze ngazi hizi leo, kabla simu haijalia.

Kuhusu bima: bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko. Ipo bima ya mafuriko ya serikali kuu ambayo hata mpangaji anaweza kukata kwa ajili ya vyombo vyake, lakini kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia, kwa hiyo kuikata wakati mvua imeshatangazwa hakusaidii.

Fundi wa magari, Tukwila

Niongezee kwenye bima. Gari likizama, bima ndogo haikulipi chochote, bima kubwa ndiyo hulipa. Na magari yaliyolipwa hayapotei. Huuzwa mnadani, na miezi michache baadaye hujitokeza yakiwa yamesafishwa na kunukia manukato mengi kuliko kawaida. Mteja akiniletea gari la kukagua katika kipindi hicho, kwanza huvuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake kabisa, kwa sababu muuzaji husafisha kile kipande kinachoonekana tu, na mchirizi wa tope hubaki kwenye kile kilichojikunja ndani. Kisha huangalia kutu kwenye reli za viti na ukungu ndani ya taa. Namba ya chesesi inaweza kuhakikiwa bure mtandaoni kama gari liliwahi kuripotiwa kuharibika. Muuzaji akikataa usiinue zulia, mwache na gari lake.

Mwanajamvi, Everett (zamani Magomeni)

Mimi nilikulia karibu na Jangwani, ambako mto Msimbazi ukifurika Barabara ya Morogoro hufungwa, na nakumbuka vizuri mafuriko ya Desemba 2011 ambayo baada yake watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Pale, ukifika kwenye maji, hukosi vijana wanaojua shimo liko wapi. Watakutangulia kwa miguu, watasukuma gari, utawatoa kidogo. Huku kwenye barabara za mashambani za bonde la Snoqualmie, kuelekea Carnation na Duvall, hakuna kijana wa kukutangulia. Maji yametulia tuli, mstari wa pembeni hauonekani, na kando ya lami kuna mtaro unaomeza gari zima. Carnation wenyewe hubaki kama kisiwa barabara zote zikifunikwa.

Nilichojifunza kwa kumsindikiza rafiki aliyekuwa akifanya kazi ya kuvuta magari ni kwamba wengi tuliowakuta walikuwa na magari makubwa na marefu. Sentimita 15 za maji yanayokwenda hutosha kumfanya dereva apoteze mwelekeo, 30 huyaelesha magari madogo mengi, na 60 hubeba hata pikapu. Urefu wa gari humpa mtu kiburi cha kuingia mahali ambapo mwenye gari dogo amegeuza.

Mwanajamvi mgeni, Auburn

Samahanini wakubwa, nina swali. Gari langu linavuta matairi yote manne. Je, bado nahitaji cheni nikienda mlimani? Na kwa nini watu husema daraja ni hatari kuliko barabara?

Dereva wa malori, Tacoma

Karibu sana, mdogo wangu. Kibao kikisema cheni ni lazima isipokuwa kwa magari yanayovuta matairi yote, unaruhusiwa kupita bila kuzifunga, lakini ni lazima uwe nazo ndani ya gari, na zipo siku hata wewe utaamriwa uzifunge. Kuvuta matairi yote husaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya tairi lenyewe. Angalia kama matairi yako yana alama ya M na S au ya mlima wenye chembe ya theluji, na kama kashata zake, yaani meno ya tairi, hazijapungua chini ya milimita 3. Vipara hapana.

Daraja hupigwa na baridi juu na chini, kwa hiyo huganda mapema wakati lami iliyolala juu ya udongo bado ni maji tu. Ukilifikia alfajiri, toa mguu kwenye mafuta kabla hujaingia, usikanyage breki ukiwa juu yake. Na siku ya mvua kubwa zima ule mfumo wa gari kushika mwendo lenyewe, maana tairi likielea juu ya maji unataka mguu wako uwe na habari.

Mzee wa siku nyingi, Lakewood

Vijana mmesema vema. Mimi nitaongeza I-5 tu, kwa sababu wengi hudhani barabara kubwa namna ile haiwezi kufungwa. Desemba 2007 mto Chehalis uliifunika karibu na Chehalis na Centralia, ikafungwa takriban siku nne. Malori ya kwenda Portland yalielekezwa kuzunguka kwa Yakima, safari ya karibu kilomita 700 badala ya 280, na kuzunguka kwenyewe ni kupitia huo mlima wa Snoqualmie tunaousema. Waliokuwa wamebeba vyakula vya kuharibika walipiga hesabu wakaona afadhali wabaki kwenye vituo vya mafuta na injini zikinguruma.

Januari 2009 ikafungwa tena palepale. Tangu wakati huo, nikiwa na safari ya Oregon kati ya Novemba na Februari, huangalia kwanza kipimo cha mto Chehalis, kisha kamera za idara ya uchukuzi za kule mlimani, ndipo nijaze mafuta.