Naomba ushauri kuhusu koili ya MRI ya kifundo cha mkono

Ndugu zangu, niko Masasi, mkoani Mtwara, na daktari ameagiza kifundo cha mkono cha mama yangu kipigwe MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) kwa koili maalumu ya kifundo, yaani kifaa cha kupokea mawimbi hayo, si ile kubwa ya mwili mzima. Ninavyoelewa, koili ndogo inayokaa karibu na kiungo hupokea vizuri zaidi mawimbi ya redio yanayotoka humo na hunasa mawimbi machache ya usumbufu kutoka sehemu nyingine za mwili, hivyo hata kano nyembamba huonekana. Kwa kuwa safari ya Dar es Salaam ina gharama (na mama hapendi mabasi), nimwulize nini mtaalamu wa radiolojia kabla ya kulipia, na je, mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) yenye koili hiyo inatosha, au nitafute ya tesla 3?