Mlo wa kila wiki wa nyumba ya ibada: je, unapunguza utapiamlo?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, nyumba yetu ya ibada huandaa mlo wa mchana mara moja kwa wiki kwa watoto wa mtaa unaotuzunguka, ambako kaya nyingi huishi kwa kipato cha kutwa. Wapishi ni akina mama wa kujitolea, michango ya waumini haijapungua, na sufuria haibakizi kitu. Hata hivyo, mhudumu wa afya aliyetutembelea alituambia kwamba baadhi ya watoto hao wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kamati sasa imegawanyika: wapo wanaotaka tuongeze siku za kupika, na wapo wanaotaka fedha ziende kwenye elimu ya lishe. Naomba pia ushauri kuhusu mahubiri kabla ya chakula, kwa kuwa majirani wengi si waumini wenzetu.

Mchangiaji wa kwanza:
Kabla ya kuongeza siku, tazameni ni nani anayekaa kwenye mkeka. Udumavu hujengeka zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka 2, ilhali anayeweza kuja mwenyewe na sahani mkononi amekwisha kuvuka umri huo. Hao wasinyimwe chakula, lakini walengwa wa lishe ni wajawazito, wanaonyonyesha, na watoto wanaoanzishiwa vyakula vya nyongeza baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama pekee.

Pimeni pia. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, au aliyevimba nyayo zote mbili, hatibiwi kwa sufuria yenu. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mchangiaji wa pili:
Mimi naona kamati inagombania mambo mawili ambayo ni kitu kimoja. Nchini Vietnam, katika miaka ya 1990, wanavijiji walichunguza kaya maskini ambazo watoto wao walikuwa na afya njema, wakakuta mama zao wakiwachanganyia uduvi, kaa wadogo na majani ya viazi vitamu, vitu vilivyopatikana bure lakini wengine waliamini havifai kwa watoto. Ndipo akina mama wengine wakakusanyika kupika vyakula hivyo hivyo pamoja, kila mmoja akija na alichokiokota. Kwa hiyo badala ya waumini kupika na majirani kupokea, mwachieni mama wa mtaa mwiko, kisha mtembeleeni nyumbani mwone kama anaendelea. Somo la ubaoni, kusema kweli, huishia ubaoni.

Mchangiaji wa tatu:
Kuhusu mahubiri, Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa dini au siasa, ingawa zinatambua haki ya shirika kuwa na imani yake. Ziliandikwa kwa ajili ya maafa, lakini zinawafaa. Dua fupi ya wapishi jikoni haimdhuru mtu. Mahubiri ambayo mwenye njaa lazima ayasikilize ndipo apakuliwe ni masharti, hata kama hakuna aliyeyatamka hivyo. Na mfadhili akiwaletea maziwa ya kopo ya watoto wachanga awape akina mama, kataeni kwa adabu: kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inazuia ugawaji wa namna hiyo.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Je, upimaji huo hauhitaji mtaalamu?

Mchangiaji wa kwanza:
Mtaalamu anahitajika kuwafundisha na kuwakagua mara kwa mara. Kupima kwenyewe, mama akielekezwa vizuri anaweza kumpima mwanawe nyumbani, kwani utepe una rangi: nyekundu, njano na kijani. Muhimu ni kukubaliana mapema na kituo cha afya nani atampokea mtoto atakayeangukia nyekundu.