Pauni 35 za "tiketi ya alfajiri", nikaambulia picha za gari la baga

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika viatu vikiwa bado na matope na hasira haijashuka, kwa hiyo anayetaka mjadala wa kistaarabu apite, arudi kesho.

Kwa wasionifahamu: nipo Milton Keynes, Uingereza, napiga shifti za usiku ghalani, na hela inayobaki baada ya kodi na ya kutuma nyumbani inaishia kwenye lenzi. Ugonjwa wangu ni ndege za zamani. Siongelei Boeing zilizostaafu. Naongelea zile za mbao na kitambaa, ambazo rubani anakaa kichwa nje, pangaboi inazungushwa kwa mkono na mkia unaburuta kwenye majani. Huku vijijini, kila kiangazi, wenye ndege hizo wanakutana Jumamosi kwenye kiwanja cha nyasi. Kila mmoja anakuja na yake, anatua, anaipaki kwenye mstari, wanakunywa chai na keki, wanatambiana injini, jioni kila mtu anaruka kurudi kwao. Kwa mpiga picha hapo ndipo penyewe, maana unaisogelea ndege mpaka unasikia harufu ya mafuta yake.

Safari hii waandaaji wa mkusanyiko mmoja huko Norfolk (jina la kiwanja silitaji, sina hela ya wakili) wakaja na kitu kipya. Tiketi ya kawaida pauni 8, geti saa nne asubuhi. Halafu kuna "tiketi ya alfajiri ya wapiga picha", pauni 35: mnaingia saa moja kamili, mnakaa na ndege peke yenu masaa matatu, hakuna kamba, hakuna umati, hakuna magari. Na chambo wakaweka: Dragon Rapide italala hapo tangu Ijumaa, na saa mbili asubuhi itawashwa kwa ajili yetu.

Wakuu, kwa Dragon Rapide mimi sina ujanja. Ni ndege ya kampuni ya de Havilland, iliruka mara ya kwanza 1934, mabawa mawili juu na mawili chini, injini mbili, rubani peke yake puani na abiria wachache nyuma yake wamebanana kama kwenye kipanya. East African Airways ilipoanza mwaka 1946, ilianza na hizo. Babu yangu alikuwa mkata nyasi uwanja wa ndege wa Tanga, na mpaka anafariki alikuwa akitusimulia "ndege ya kitambaa": kwamba ukiigonga ubavuni kwa kidole inalia kama ngoma iliyowambwa vizuri, na kwamba Mzungu mmoja alimkuta anaigonga akamzaba kofi. Babu alikuwa akicheka akifika hapo kwenye kofi. Sisi wajukuu hatukuwahi kucheka. Picha ya babu na ndege ile haipo hata moja, na ndiyo maana yangu niliitaka iwe picha haswa.

Picha yenyewe nilikuwa nayo kichwani miezi miwili. Injini za Rapide zimepinduliwa, silinda zinaning'inia chini. Ndege ikilala usiku, mafuta yanachuruzika taratibu kuingia kwenye silinda, ndiyo maana utakuta masinia ya bati chini ya injini yanakinga matone. Asubuhi ikiwashwa yanaungua yale kwanza: injini inakohoa, inatema wingu la moshi wa buluu, inakohoa tena, ndipo inatulia na kuanza kuimba. Sasa chukua moshi ule, upige jua la Juni la saa mbili likitokea ubavuni, chini nyasi zina umande. Hiyo huipati saa sita mchana hata kamera yako iwe na bei ya kiwanja Kigamboni. Jua likiwa utosini, bawa la juu linalitia kivuli la chini, rangi ya fedha inaungua nyeupe pe, na tumbo la ndege linakuwa giza kama ndani ya mtungi.

Nimetoka kazini saa sita usiku. Nimelala masaa matatu. Saa kumi nipo barabarani, saa moja kasoro robo nipo getini. Tulikuwa kumi na wawili hivi, na tripodi, na chupa za chai. Geti lina mnyororo.

Saa moja, kimya. Saa moja na nusu akaja kijana mwenye reflekta anatafuna donati, akasema mwenye ufunguo yupo njiani. Tukamwuliza kama Rapide itatusubiri. Akasema yeye ni wa maegesho.

Saa mbili na dakika kumi, nyuma ya miti, injini ya kwanza ikakohoa. Halafu ya pili.

Wakuu, moshi ule nimeusikia kwa masikio. Kulikuwa na mzee mmoja pembeni yangu, Mwingereza, rika la baba yangu. Alikunja tripodi yake polepole, mguu mmoja mmoja, bila neno, akaenda kukaa ndani ya gari lake na kufunga mlango.

Geti lilifunguliwa saa tatu na dakika ishirini. Tunaingia, tunaikuta Rapide imesogezwa ilikokuwa, na injini bado zinatoa joto. Mbele ya pua yake, hatua kumi, limepaki gari la baga. Upande jua linakotokea imewekwa pikapu mpya ya mdhamini, na bendera zile ndefu za plastiki zinazopigapiga upepo. Koni za chungwa pande zote. Na kamba, zile tulizoambiwa hazitakuwepo, zipo. Nikamfuata mama mmoja mwenye redio ya mkononi, nikamwuliza kwa heshima zote kama pikapu inaweza kurudi nyuma mita ishirini tu, kwa dakika kumi. Akasema mdhamini amelipia nafasi ile. Nikamwambia na mimi nimelipia. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema nijaribu kuipiga pamoja na gari, maana ni jekundu, litapendeza.

Nikajaribu, sikatai. Nimelala kifudifudi kwenye umande, nimepiga magoti, nimepanda juu ya ndoo. Picha 140. Katika zote kuna ama bei ya chipsi, ama bendera, ama choo cha plastiki. Kuna moja ambayo choo kimeota juu ya bawa kabisa, unaweza kudhani Rapide inapikia kuni.

Saa nne umati ukaingia. Jamaa mmoja akavuka kamba (kamba ile ile niliyokatazwa mimi), akambeba mwanawe, akamsimamisha juu ya bawa la chini ili ampige na simu. Bawa la kitambaa, jamani! Chini ya kile kitambaa kuna vijiti vya mbao vyembamba, siyo sakafu. Mwenye ndege alitoka mbio na kikombe cha chai mkononi, nusu ikamwagikia shati. Wa reflekta walikuwa wawili, wote wanaangalia simu.

Ratiba ilisema Rapide inaruka saa nane mchana. Iliruka saa sita kasoro dakika ishirini, bila tangazo, mimi nikiwa kwenye foleni ya choo kile kile. Nikasikia injini, nikatoka mbio, nikaikuta inashika kasi kwenye nyasi, nikapiga mfululizo. Na hapa niseme ukweli wangu: niliharibu mwenyewe. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho, ilikuwa imebaki 1/1000 ya sekunde, nilikuwa nimejaribia mbayuwayu. Pangaboi inayozunguka mara 2,000 kwa dakika, ukiipiga kwa 1/1000 inasimama kama imezimwa. Unatakiwa ushuke mpaka 1/125, ikiwezekana 1/60, uizungushe kamera pamoja na ndege kiuno kikilainika, na ukubali kwamba kumi zitatikisika ili upate moja yenye duara la pangaboi. Zangu zote ndege imeganda angani kama mdoli wa kuning'inizwa kwa uzi chumbani kwa mtoto. Kosa langu. Ila nani aliyenifanya nipige mbio na kamera haijapangwa?

Nikabaki mpaka jioni kwa ukaidi tu. Mdhamini akaondoa pikapu yake saa kumi na moja, gari la baga likafunga, na jua likaanza kulala. Ikabaki Tiger Moth moja, ndege ndogo ya mabawa ya juu na chini, inaondoka. Tiger Moth ya asili haina breki, na mkia unakaa juu ya kipande cha chuma, siyo gurudumu. Upepo ukija ubavuni inakwenda inakotaka yenyewe. Kwa hiyo wazee wawili wakaishika kwenye ncha za mabawa ya chini, mmoja kaptula, mwingine suti kamili ya vumbi la miaka, wakatembea nayo mpaka mwanzo wa uwanja kama watu wanaomsindikiza bibi harusi. Jua limetoka nyuma yao, nyasi zimekuwa za dhahabu, pangaboi duara safi. Hiyo nimeipata. Moja.

Jumapili nikawaandikia waandaaji barua pepe ya heshima, nikiomba tofauti ya pauni 27 tu, siyo hata hela yote. Jibu likaja Jumanne: samahani kwa "mabadiliko madogo ya ratiba", na zawadi ya punguzo la asilimia 20 kwenye tiketi ya alfajiri ya mwakani. Punguzo kwenye kitu ambacho hawakunipa!

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Mkuu uliyesema "si ungeenda tu makumbusho, ndege zimejaa": makumbusho ndege hazikohoi. Ungeusoma uzi kabla ya kujibu.

Mkuu uliyesema kamba na geti ni kwa ajili ya usalama: nakuelewa, na sidharau. Kwenye maonyesho ya ndege ya Shoreham, Agosti 2015, Hawker Hunter ilianguka barabarani ikaua watu 11, na kila mwandaaji hapa tangu hapo ana haki ya kuogopa. Lakini lile lilikuwa onyesho, ndege ya jeti inapiga mizunguko angani. Hapa tunaongelea ndege imepaki, na watu kumi na wawili walioahidiwa kusimama pembeni yake. Mimi pangaboi naiogopa kuliko wewe, nimelelewa na mtu aliyefanya kazi uwanjani. Kama kamba ni za usalama, mbona gari la baga lenye mtungi wa gesi lilikuwa ndani ya kamba?

Dada uliyeuliza kama ni kwa sababu ya rangi: nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Lakini yule mzee aliyekunja tripodi ni mweupe kama maziwa, naye alifungiwa geti kama mimi. Hapa walioliwa tumeliwa wote. Yule mama wa redio alivyonitazama lakini, hiyo nimeiweka akiba.

NYONGEZA YA PILI, leo asubuhi:

Wakuu, nimeamshwa na ujumbe wa mdau wa humu. Picha yangu ya Tiger Moth niliyoiweka mtandaoni Jumatatu, waandaaji wameichukua. Wameikata chini ili jina langu litoke, na wameifanya tangazo. Tangazo la nini? La tiketi za alfajiri za mwakani. Pauni 40 sasa hivi.

Picha ya saa mbili usiku (kiangazi huku saa hiyo jua bado lipo)! Anayekijua kiwanja kile ataona jua liko upande wa magharibi, juu ya miti ya getini, pale pale tulipofungiwa. Wameandika juu yake kwa herufi za dhahabu, "Mwanga ambao umati hauuoni".

Nimewaandikia hapo hapo chini ya tangazo kwamba picha ni yangu na ni ya jioni. Dakika tano, maoni yamefutwa, nimefungiwa. Kwa sheria ya hapa ya mwaka 1988 picha ni mali ya aliyeipiga tangu inapopigwa, haihitaji kusajiliwa popote, kwa hiyo ankara yao naiandika leo leo: pauni 35 za tiketi, pamoja na matumizi ya picha. Faili halisi ninalo, lina saa na dakika ndani yake. Benki nimeshawaandikia kuhusu malipo ya tiketi. Mwenye uzoefu wa mahakama ya madai madogo huku aniambie fomu inaanzia wapi, na kama kuna mwingine humu alikuwa getini asubuhi ile, hasa yule mzee wa tripodi kama una namna ya kumfikia, naomba anitafute.